Fundi Menza Jefwa na Mkwe wa Chuma

Ijumaa hii, tarehe 30 Septemba 1988, Bwana Menza Jefwa anastaafu baada ya kuitumikia Karakana ya Ushirika wa Maseremala kwa miaka thelathini na mmoja. Aliingia kama kibarua wa kupaka mashine mafuta. Anatoka kama Fundi Mkuu wa Mashine, cheo alichojipa mwenyewe mwaka 1969 na ambacho hakuna kamati iliyopata ujasiri wa kumvua.

Kamati imeniomba mimi niandike wasifu wake kwa sababu nilikuwa katibu wa karakana hii na tulifanya kazi pamoja kwa sehemu kubwa ya miaka hiyo. Wasomaji wa jarida letu wanaujua mtindo wangu. Kila mstaafu niliyemwandika alikuwa mpole, mnyenyekevu, na hakupata kugombana na mtu. Leo nakiri kwamba wengi wao hawakuwa hivyo, ila nilijua tutaendelea kukaa mtaa mmoja. Sasa naandikia kitandani, hapa Shella ya Malindi, daktari ameshaacha kunipa tarehe za kurudi, na naona uzito kumfikia Mola wangu na uongo mmoja zaidi. Kwa hivyo haya ni ya kweli: Bwana Menza si mpole, na unyenyekevu anausikia tu kwa watu.

Alipokuja kuomba kazi mwaka 1957, aliulizwa kama anajua injini. Akajibu kwamba anazijua sana. Baadaye ilibainika kwamba injini pekee aliyowahi kuishughulikia ni ngamia wa kuzungusha shinikizo la ufuta. Alipobanwa kuhusu jambo hili alisema tofauti ni ndogo, kwani vyote viwili vinazunguka, vinanuka, na vinataka kusemeshwa vizuri asubuhi. Kwa bahati mbaya ya waliomcheka, mwaka ule ule injini yetu ya dizeli ilikataa kuwaka kwa juma zima, na aliyeiwasha ni yeye. Hakueleza alivyofanya. Tabia hiyo ya kutoeleza ilikua pamoja naye, kama tutakavyoona.

Kazi iliyompa jina ni kufufua mashine za mbao ambazo watu wenye akili zao wamekwisha kuzitupa. Wageni huingia karakana yetu wakidhani ni mahali pa kumbukumbu. Mashine zote zinaendeshwa kwa mikanda ya ngozi inayoshuka kutoka mhimili mmoja mrefu darini, na iliyo changa kuliko zote ni kubwa kwa umri kuliko mwenyekiti wetu, Bwana Zein. Fundi Menza hajapata kuiita hata moja kuukuu. Husema zimepumzika.

Mwaka 1981 alisikia kwamba msumeno mkubwa wa mkanda umelala katika shamba la mkonge lililoachwa, upande wa Kilifi. Aliuendea, akaukuta umefunikwa na mimea itambaayo, nyuki wamefanya kazi ndani ya gurudumu la juu. Alirudi amevimba uso mzima, ana furaha isiyo kifani. Tuliuleta kwa trekta. Ulikuwa na kutu nene kama ganda la mkate, na dawa ya kutu aliyoiamini ni siki ya mnazi, yaani tembo lililoachwa mpaka likageuka kabisa. Akaagiza mapipa mawili.

Hapo pakazuka shida ya dini. Marehemu Mzee Mahadhi, aliyekuwa fundi wetu wa milango ya kuchonga, alikataa kuingia karakana yenye tembo. Menza alimweleza kwamba tembo likishageuka siki ni halali, kaulize popote. Mzee Mahadhi akauliza, akajibiwa kwamba ni kweli, akarudi amekasirika zaidi. "Siki ni halali," alimwambia, "lakini hili lako, Menza, halipewi nafasi ya kufika usiki." Alikuwa na haki. Pipa la kwanza lilipungua kwa kasi ambayo chuma peke yake hakiwezi kuileta, na vibarua wengine walionekana wakiufanyia msumeno kazi kwa nyimbo. La pili lilifungwa kwa kufuli. Msumeno ulioshwa, ukasuguliwa kwa tupa na msasa mwaka mzima, na tangu hapo haujalala. Mfumo wa 8-4-4 ulipoingia na kila shule kutaka meza za useremala kabla ya kupata walimu wa useremala, ni msumeno ule uliotupa unga.

Sasa nifike kwa randa, maana bila ya randa hakuna Menza.

Randa yetu kubwa, ile ya kusawazisha mbao, ni chuma cha kusubu, nzito kama ng'ombe watatu. Ikiwashwa huanza kwa kunguruma taratibu, kisha sauti hupanda na kupanda mpaka ndani ya karakana hakuna mwingine awezaye kusema. Mwaka 1961 Menza alioa, akamchukua Kanze wa Kakoneni, na katika kutusimulia mazungumzo ya posa alilalamika juu ya mama mkwe wake, Bi Kadii. Alisema yule mama huanza chini chini, kisha hupanda na kupanda mpaka hakuna mwingine awezaye kusema. Aliporudi kutoka likizo ya harusi akakuta randa inaitwa Mama Kadii. Nani aliyeanza haijulikani mpaka leo. Kila anayeulizwa humtaja mtu aliyekwisha kufa.

Sisi tulifanya mzaha. Hatukufikiri kwamba kwa watu wa kabila la Menza jina si kitu cha kuchezea. Mtoto aliyepewa jina la bibi yake, baba yake mzazi humwita mama, na huona haya kumchapa. Menza alilisikia jina lile, akaweka spana chini, akatoka nje. Tukadhani amekasirika. Alipoingia tena alikuwa ameshakuwa mkwe. Tangu siku hiyo hakupata kuikalia meza ya randa, ingawa sisi wote tuliikalia tukinywa chai. Hakula mbele yake. Na kila ilipohitajika kufunguliwa tumbo, alitundika leso tatu kuizunguka, akatutoa sote nje, akafanya kazi peke yake. Mkwe haangaliwi akiwa wazi, alisema, ila kwa dharura ya matibabu, na mganga ni mmoja.

Kwa miaka mingi sikuweza kuamua kama hii ilikuwa heshima au ujanja. Matokeo yake ni kwamba katika Malindi nzima hakukuwa na mtu wa pili ajuaye ndani ya randa ile mna nini. Nadhani sasa ilikuwa heshima asubuhi, na ujanja baada ya chakula cha mchana.

Mwezi Machi mwaka huu kamati ilikutana kando ya kitanda changu kuamua hatima ya randa. Bwana Zein alipendekeza iuzwe kwa wanunuzi wa chuma chakavu na iletwe nyingine ya umeme. Niliinua mkono kuunga mkono. Nakiri hilo pia. Sauti ya randa ilikuwa ikinifikia kitandani, na mgonjwa hana mapenzi na mambo ya kale. Menza alisimama, akasema maneno ambayo jarida hili haliwezi kuyachapa, kisha akatulia na kuomba nafasi. Makubaliano yakawa haya: kama hadi siku yake ya kustaafu randa itaweza kusawazisha ubao wa mbambakofi, ule mti mgumu, bila ya kuungua, itabaki. Na ikibaki, Menza atabaki nayo miaka miwili zaidi, kwa kuwa katiba yetu inaruhusu mstaafu kuajiriwa tena pale ambapo hakuna mwanachama mwingine aiwezaye kazi yake. Randa ikishindwa, wote wawili watakwenda Ijumaa moja, mmoja nyumbani na mwingine kwenye mizani ya chuma chakavu.

Ugonjwa wa randa ulikuwa beringi. Zake si za gololi kama za siku hizi. Ni vikombe vya chuma vilivyomiminwa ndani madini meupe laini, na mhimili wa visu huzunguka juu ya madini hayo. Mafuta yakikauka, madini huyeyuka, na lazima yamiminwe upya, mara moja, bila ya kusita, yakiwa na joto lile hasa linalotakiwa. Mwanzoni mwa Septemba, katika kuijaribu, beringi moja iliyeyuka yote.

Menza akatundika leso zake. Akamimina. Akatoka nayo mkononi ikiwa na matundu matundu kama mkate wa kumimina. Akayeyusha, akamimina tena, na tena ukatoka mkate. Madini yanayoyeyushwa mara nyingi huchoka, na yaliyosalia yalitosha mara moja tu. Hapo ndipo alipoketi kizingitini na kumwambia Priscilla Wangu, fundi wetu wa viti, jambo ambalo hakuwa amemwambia hata mkewe: macho yake yamefunga ukungu. Joto la madini hujulikana kwa kuchovya kijiti kikavu na kutazama rangi yake, na yeye sasa kijiti anakiona, rangi haioni.

Wangu akasema, "Basi Fundi, si niingie nitazame mimi?"

"Uingie wapi?"

"Ndani ya leso."

"Wewe umtazame mkwe wangu tumboni?"

"Mzee, ni chuma!"

"Hata wewe, mwanangu," Menza akamjibu, "ukitazamwa vizuri u nyama tu iliyopewa jina."

Wangu alikuja kunisimulia kisa hiki akicheka. Alipofika kwenye macho akaacha kucheka. Sote tulielewa mambo yalivyo. Akiendelea peke yake, randa itakwenda kwenye mizani. Akimwita mwingine ndani, randa itapona, lakini patakuwa na mwanachama mwingine aiwezaye kazi, na ile miaka miwili yake itakwisha siku hiyo hiyo. Kwa mtu ambaye hajui kukaa nyumbani, na ambaye mkewe amekwisha kutuomba kwa siri tusimrudishe kabla ya magharibi, hili halikuwa jambo dogo.

Jumapili alipanda basi, yeye na Kanze, wakaenda Kakoneni. Hakusema anaendea nini.

Jumanne asubuhi Bi Kadii akaingia karakana. Ni mwanamke mfupi, mkavu, wa umri ambao hata yeye ameacha kuufuatilia, na anatembea kwa fimbo asiyoihitaji. Alikuwa ameambiwa habari yote na binti yake, kwa kuwa Menza hawezi kumkabili mkwe kwa maneno kama hayo. Miaka ishirini na saba kuna kitu mjini kinaitwa kwa jina lake, na ndiyo kwanza anapelekewa habari. Haya nimesimuliwa na watu watatu, na kwa ajabu wote wamesimulia sawa.

Bwana Zein alimpa shikamoo na kiti. Shikamoo aliipokea, kiti akakipita. Akaizunguka randa, akaigonga kwa fimbo.

"Ndiye mimi huyu?"

"Ni heshima tu, Mama," alisema Bwana Zein. "Watu walikupenda."

"Heshima gani, nami mumeniacha na kutu mgongoni?"

Hakuna aliyethubutu kucheka mpaka yeye alipocheka. Kisha akauliza leso zile za nini. Alipoelezwa, akazishusha moja baada ya nyingine kwa ncha ya fimbo.

"Nimezaa watoto tisa. Nimeonwa na wakunga, nimeonwa na madaktari, nimeonwa na wanafunzi wa madaktari. Nyinyi mwaficha nini? Mfungueni!" Kisha akageuka kumtafuta Menza, aliyekuwa amejibanza nyuma ya magogo. "Ila huyu mkwe wangu na atoke. Mwenye haya ni yeye, si mimi."

Fundi Mkuu wa Mashine akatoka. Akasimama nje, chini ya tundu la hewa lililo juu ya ukuta, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake ya kazi ikambidi aeleze. Ndani walikuwa Wangu na Masha, fundi wa vitanda, na Bi Kadii ambaye sasa alikubali kiti, akakiweka karibu kabisa na tumbo lake mwenyewe.

Wakapaka mhimili moshi wa kibatari ili madini yasigande juu yake. Wakaziba mianya kwa udongo wa kichuguu. Wakapasha moto kikombe, kisha madini. Sauti ya Menza iliingia kutoka tunduni kama ya mwadhini aliyepoteza subira.

"Kijiti kimekuwaje?"

"Kimekuwa cha kahawia!" alijibu Wangu.

"Kahawia gani? Ya chai au ya kahawa?"

"Ya chai!"

"Ya mkandaa au ya maziwa?"

"Ya maziwa, Fundi!"

"Bado! Usiguse! Masha, na wewe kaa mbali, nakujua una haraka!"

"Mkwe," Bi Kadii akasema, "punguza sauti. Anayefunguliwa ni mimi."

Wangu akachovya tena.

"Sasa ni kama andazi!"

"La mapema au lililosahauliwa?"

"Lililoiva! Lililoiva vizuri!"

"Mimina! Usisite, usipumue, mimina!"

Wangu akamimina. Beringi ilipopoa wakaifungua, na haikuwa na tundu hata moja. Masha akapiga vigelegele, jambo ambalo mwanamume hafanyi, na Bi Kadii akamwambia amalize basi, asiache nusu. Kanze, aliyemleta mama yake, alipozunguka nje alimkuta mumewe ameegemeza paji la uso ukutani.

Siku mbili zilizofuata zilikuwa za kukwangua. Mhimili hupakwa masizi na mafuta, huzungushwa, na pale masizi yanaposhika ndipo palipoinuka, hukwanguliwa kidogo, na kazi huanza upya. Menza aliwaelekeza kutoka nje yote aliyoyaficha kwa zaidi ya robo karne: ukanda ukazwe vipi siku za unyevu, visu vinolewe kwa pembe gani, ni sauti ipi ya kupuuza na ni ipi ya kukimbia. Aliwatukana kwa ukarimu. Wangu anasema alipata hata muda wa kuwaeleza makosa yake mwenyewe, mawili, ingawa la pili alilikanusha baadaye.

Alhamisi alasiri ukanda ukatiwa. Randa ikanguruma chini chini, ikapanda, ikapanda. Ubao wa mbambakofi ukaingia upande mmoja na magome yake, ukatoka upande wa pili unang'aa. Bwana Zein akaweka kiganja juu ya beringi. Ilikuwa vuguvugu, kama mtoto aliyetoka kulala. Bi Kadii alitoza mbuzi mmoja na doti ya leso kwa jina lake kutumiwa bila ruhusa, kisha akaliruhusu. Mbuzi ameliwa. Leso tulimpa mpya, kwa kuwa zile za pazia hazifai tena kwa kazi nyingine.

Bwana Zein ni mtu mwadilifu, na uadilifu wakati mwingine unaumiza kuliko dhuluma. Jioni ile ile alimwambia Menza kwamba randa imebaki, na kwamba kwa mujibu wa katiba, sasa wako wanachama wawili waiwezao. Menza alisema, "Najua. Niliwafundisha mimi." Akaomba maji, akanywa, akaenda zake.

Aliyajua tangu alipokata tikiti ya Kakoneni. Alikuja kunitazama Jumamosi, akakaa kwenye kiti hiki kilicho kando yangu, nami nikamuuliza kwa nini hakujaribu mara ya tatu peke yake. Pengine ingekubali. Pengine angekuwa na miaka yake miwili.

Alinitazama kwa macho yale yasiyoona rangi.

"Katibu, ulitaka nife nimekumbatiana na mkwe?"

Tulicheka mpaka binti yangu akaja kuona nani anakohoa.

Ushirika unamshukuru Fundi Menza kwa msumeno, kwa randa, kwa kerezo mbili za kuchongea miguu ya viti ambazo sikuzigusia kwa ufupi wa nafasi, na kwa matusi ambayo mafundi wetu watayarithisha. Unamshukuru Bi Kanze, ambaye kuanzia Jumatatu ndiye atakayebeba mzigo tuliokuwa tukimpunguzia. Macho ya Fundi yana miadi na daktari mwezi ujao, na tunamwombea yapone, ili aone jinsi kazi inavyofanywa vibaya bila yeye.

Fundi, Mungu akupe siku nyingi, usingizi wa mchana, na watu wa kubishana nao. Randa naisikia hapa nilipo ninapoandika, na leo sauti yake hainiudhi. Wangu na Masha watakwama siku moja, na watatuma mtu kukuita. Nakuomba kitu kimoja tu: vaa viatu polepole, wasijue kwamba ulikuwa ukiwangoja.